Hitilafu na matengenezo ya kiyoyozi cha nyumbani

Hitilafu za kiyoyozi cha nyumbani ni kasoro zinazofanya kiyoyozi kishindwe kupoza chumba, kimwage maji ndani, kitoe kelele au harufu mbaya, kitumie umeme mwingi kuliko kawaida au kisiwake kabisa. Kiyoyozi hujulikana pia kwa herufi AC. Kinachotumika zaidi majumbani ni kile chenye sehemu mbili: moja hufungwa ukutani ndani ya chumba, nyingine huwekwa nje.

Hitilafu nyingi hutokana na uchafu unaozuia hewa kupita, umeme usiotulia au gesi iliyovuja. Kila chanzo kina tiba yake na gharama yake, lakini dalili ya kwanza mara nyingi ni ileile: chumba hakipoi. Kwa sababu hiyo ni rahisi kulipia matengenezo yasiyohitajika. Mfano unaojulikana zaidi ni kuongeza gesi kila baada ya miezi michache, ingawa gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika kama inavyoisha gesi ya kupikia.

Jinsi kiyoyozi kinavyofanya kazi

Kiyoyozi hakitengenezi baridi, bali huhamisha joto kutoka ndani ya chumba na kulipeleka nje. Kazi hiyo hufanywa na gesi ya kupozea inayozunguka ndani ya mabomba ya shaba yasiyo na tundu lolote.

Kompresa, iliyo katika sehemu ya nje, hukandamiza gesi hadi inakuwa na shinikizo kubwa na joto kali. Gesi hiyo hupita katika koili ya nje, ambako feni huipulizia hewa. Joto hutoka na gesi hugeuka kuwa kimiminika. Kimiminika hicho hupita katika mrija mwembamba sana au vali, shinikizo lake hushuka ghafla, nacho hupoa. Kikifika kwenye koili ya ndani huchemka na kuwa gesi tena, na kwa kufanya hivyo hufyonza joto la hewa ya chumba inayopulizwa na feni ya ndani. Gesi hurudi kwenye kompresa na mzunguko huanza upya.

Mvuke wa maji ulio hewani hugeuka matone unapogusa koili baridi, kama inavyotokea nje ya glasi ya maji ya barafu. Matone hayo hudondokea katika trei na kutoka nje kwa mrija. Katika maeneo ya pwani kama Dar es Salaam, Zanzibar, Tanga na Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwingi, kiyoyozi cha BTU 12,000 kinaweza kutoa lita moja ya maji au zaidi kwa saa.

Uwezo wa kiyoyozi hupimwa kwa BTU kwa saa. BTU 12,000 kwa saa ni sawa na kilowati 3.5 za joto linaloondolewa, na huitwa pia tani moja. Jina hilo lilitoka katika biashara ya barafu: ni uwezo wa kuondoa joto linalotosha kuyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu, yaani takriban kilogramu 907, kwa saa 24. Majumbani hutumika zaidi viyoyozi vya BTU 9,000, 12,000, 18,000 na 24,000.

Kiyoyozi cha kisasa kilianza mwaka 1902, wakati mhandisi Mmarekani Willis Carrier alipobuni mtambo wa kudhibiti unyevu wa hewa katika kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York. Shida iliyomsumbua mwenye kiwanda haikuwa joto la wafanyakazi, bali karatasi zilizokuwa zikitanuka na kusinyaa kwa sababu ya unyevu.

Hitilafu za kawaida

Chumba hakipoi

Hatua ya kwanza ni kuangalia rimoti. Rimoti huwa na hali kadhaa za kazi, na alama ya kupoza kwa kawaida ni chembe ya theluji. Ikiwekwa kwenye alama ya feni, kiyoyozi hupuliza hewa tu bila kuipoza. Ikiwekwa kwenye alama ya tone la maji, hupunguza unyevu na hupoza kidogo.

Sababu inayopatikana mara nyingi zaidi ni chujio la hewa lililojaa vumbi. Chujio hukaa nyuma ya kifuniko cha sehemu ya ndani na huweza kutolewa kwa mkono. Likiziba, hewa inayopita kwenye koili hupungua, baridi haifiki chumbani, na kompresa hufanya kazi muda mrefu zaidi.

Koili ya nje nayo huziba kwa vumbi, majani, utando wa buibui na manyoya. Karibu na bahari, chumvi iliyo katika upepo hula mapezi membamba ya alumini mpaka yanakatika kama unga. Sehemu ya nje iliyofungwa kwenye kona isiyo na nafasi, au iliyofunikwa ili isiibwe, hushindwa kutoa joto kwa sababu hupuliza hewa ya moto na kuivuta tena hewa hiyohiyo.

Wakati mwingine kiyoyozi ni kizima na tatizo ni chumba. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hutumika sana kwa chumba cha mita za mraba 15 hadi 20. Kikifungwa katika sebule kubwa, chini ya paa la bati lisilo na dari, au katika chumba chenye dirisha kubwa linalopigwa na jua la jioni, hakitaweza kufikia baridi iliyowekwa hata kikiwa kipya.

Njia rahisi ya kutofautisha hali hizo mbili ni kupima hewa. Baada ya kiyoyozi kufanya kazi dakika 15, kipimajoto huwekwa juu ya sehemu ya ndani mahali hewa inapoingia, kisha mbele yake mahali hewa inapotoka. Kwa kawaida hewa inayotoka huwa baridi kuliko inayoingia kwa nyuzi 8 hadi 12 za sentigredi. Tofauti hiyo ikiwepo, mashine inafanya kazi yake na dawa iko kwenye pazia, dari au ukubwa wa kiyoyozi. Ikiwa ndogo mno, kuna hitilafu ya kutafutwa.

Barafu kwenye koili au bomba

Watu wengi huona barafu na kudhani kwamba kiyoyozi kinapoza kupita kiasi. Kwa kweli barafu ni dalili ya ugonjwa. Hutokea koili ya ndani inaposhuka chini ya nyuzi sifuri, ama kwa sababu hewa haipiti vya kutosha, ama kwa sababu gesi imepungua. Tabaka la barafu huziba njia ya hewa zaidi, na mwishowe hakuna hewa inayotoka kabisa.

Barafu haipaswi kubanduliwa kwa kisu wala bisibisi, kwa kuwa bomba la koili ni jembamba na tundu moja dogo humwaga gesi yote. Kiyoyozi huwekwa kwenye hali ya feni kwa saa chache hadi barafu iyeyuke. Kisha chujio husafishwa na kiyoyozi hujaribiwa tena. Barafu ikirudi ilhali chujio ni safi, fundi anahitajika.

Maji kudondoka ndani

Maji yanayotiririka ukutani hutokana zaidi na mrija wa kutolea maji ulioziba kwa utelezi, vumbi au wadudu waliojenga kiota. Mrija husafishwa kwa kuvutwa kwa mashine ya kunyonya vumbi au kwa kupulizwa. Sababu nyingine ni sehemu ya ndani kufungwa ikiwa imeinama upande usiofaa, mrija uliopanda juu mahali fulani badala ya kushuka moja kwa moja, au barafu inayoyeyuka. Hitilafu hii ni nafuu kuirekebisha, lakini ikiachwa huharibu rangi, dari ya jipsamu na nyaya zilizo ukutani.

Feni ya nje inazunguka lakini kompresa haianzi

Katika viyoyozi vya kawaida visivyo na inveta, kompresa huanza kwa msaada wa kapasita. Kapasita ikichoka, kompresa hunguruma kwa sekunde chache, hukata, kisha hujaribu tena. Mara nyingi kapasita iliyokufa huonekana imevimba juu. Kipuri hiki ni miongoni mwa vilivyo rahisi kubadilishwa na bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya kompresa, ila dalili za kapasita iliyokufa na za kompresa iliyokufa hufanana kwa mtu asiyepima. Ndiyo maana fundi anayesema kompresa imeungua hutarajiwa kwanza kupima kapasita, nyaya na ukinzani wa koili za kompresa yenyewe kwa mita.

Kiyoyozi hakiwaki kabisa

Kabla ya kumwita fundi, huangaliwa kama saketi breka imejikata, kama betri za rimoti zimeisha, na kama kidhibiti volteji kimekata umeme kwa sababu volteji iko chini. Saketi breka iliyojikata inaweza kurudishwa mara moja. Ikijikata tena haipaswi kulazimishwa, kwa sababu huenda kuna waya unaogusana au kompresa iliyoungua. Viyoyozi vingi vya kisasa huonyesha msimbo wa herufi na tarakimu au taa inayomweka kwa mpangilio fulani. Maana ya misimbo hiyo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, hivyo husomwa katika kitabu cha maelezo cha mashine husika.

Kelele na harufu

Mlio wa kugongagonga nje hutokana na skrubu zilizolegea au feni iliyopinda. Mlio wa kukwaruza ndani huonyesha kwamba feni ya ndani imejaa uchafu au beringi ya mota imekwisha. Harufu ya uvundo hutokana na ukungu unaoota kwenye koili na trei yenye maji, na huisha kwa usafishaji wa ndani. Harufu ya plastiki inayoungua ni jambo la dharura: umeme huzimwa kwenye saketi breka na kiyoyozi hakiwashwi tena mpaka kikaguliwe.

Kupungua kwa gesi

Gesi ya kupozea huwekwa kiwandani kwa uzito maalumu, ambao huandikwa kwenye kibandiko cha sehemu ya nje. Kwa viyoyozi vidogo vya nyumbani uzito huo kwa kawaida ni gramu mia kadhaa hadi kilogramu moja na kitu. Kwa kuwa gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haina pa kwenda. Kiyoyozi kisichovuja kinaweza kumaliza maisha yake yote bila kuongezwa hata gramu moja. Ikiwa gesi imepungua, ipo mahali inapotokea.

Mahali panapovuja mara nyingi ni kwenye nati zinazounganisha mabomba na sehemu mbili za kiyoyozi, hasa kama mdomo wa bomba ulitanuliwa vibaya siku ya kufunga. Gesi huvuja pia kwenye koili iliyoliwa na chumvi au kutu, kwenye vali za huduma, na mahali bomba linaposuguana na ukuta au chuma kwa sababu ya mtikisiko. Mafuta ya kompresa hutoka pamoja na gesi, hivyo alama ya mafuta yenye vumbi kwenye nati huonyesha mahali pa kuanzia kutafuta.

Matengenezo kamili ya uvujaji huwa na hatua zinazofuatana:

1. Gesi iliyobaki huvutwa kwa mashine maalumu na kuhifadhiwa kwenye mtungi, badala ya kuachiwa hewani.
2. Mabomba hujazwa nitrojeni kavu kwa shinikizo, na povu la sabuni hupakwa kwenye viungo. Mahali panapotoa mapovu ndipo panapovuja.
3. Kiungo hukazwa, hutengenezwa upya au huchomelewa.
4. Pampu ya utupu huunganishwa ili kuondoa hewa na unyevu wote ndani ya mabomba, kisha mfumo huachwa kwa muda ili kuona kama utupu unabaki palepale.
5. Gesi mpya hupimwa kwenye mizani na kuwekwa kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko.

Hatua ya pampu ya utupu ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa sababu mteja haioni faida yake siku hiyo. Hewa ikibaki ndani, shinikizo hupanda na umeme unaotumika huongezeka. Unyevu ukibaki, huchanganyika na mafuta na kutengeneza asidi inayokula waya za kompresa polepole. Kiyoyozi hupoza vizuri siku ya kwanza, lakini kompresa hufa kabla ya wakati wake.

Kujaza gesi bila kuziba tundu kuna gharama ya aina hiyohiyo. Malipo ya mara moja huonekana madogo kuliko ya kutafuta uvujaji, lakini hurudiwa. Kati ya ujazaji mmoja na mwingine kiyoyozi hufanya kazi kikiwa na gesi pungufu, kompresa hupata joto kupita kiasi kwa sababu hupozwa na gesi ileile inayorudi kutoka ndani, na mita ya umeme hukimbia. Mwenye nyumba anaweza kulipa kwa awamu fedha inayolingana na ya kiyoyozi kipya bila kutambua.

Aina za gesi

Aina ya gesi huandikwa kwenye kibandiko na haibadilishwi kiholela. R-22 ndiyo iliyotumika zaidi katika viyoyozi vya zamani. Ina klorini inayoharibu tabaka la ozoni, na kwa hiyo inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Marekani ilikomesha kuizalisha na kuiingiza mwanzoni mwa mwaka 2020. Nchi zinazoendelea zilipewa muda hadi mwaka 2030, na baada ya hapo huruhusiwa kiasi kidogo tu kwa ajili ya kuhudumia mashine zilizopo. Kwa mwenye kiyoyozi cha R-22, maana yake ni kwamba gesi hiyo inazidi kuadimika.

R-410A ilichukua nafasi ya R-22. Haiharibu ozoni, lakini ikiachiwa hewani huchangia joto la dunia takriban mara 2,000 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Shinikizo lake ni kubwa kuliko la R-22 kwa takriban asilimia 60, kwa hiyo haiwezi kuwekwa katika mashine iliyotengenezwa kwa R-22. R-410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, nayo hupimwa kwa mizani ikitoka kwenye mtungi ikiwa kimiminika.

Viyoyozi vingi vya sasa hutumia R-32, ambayo athari yake kwa joto la dunia ni karibu theluthi ya ile ya R-410A. R-32 huweza kushika moto, ingawa si kwa urahisi. R-290 ni propani, na athari yake kwa hali ya hewa ni ndogo sana, lakini huwaka kwa urahisi. Mwelekeo wa kuachana na gesi zenye athari kubwa ulipata nguvu katika mji mkuu wa Rwanda, ambako Marekebisho ya Kigali ya Itifaki ya Montreal yalipitishwa mwezi Oktoba 2016. Yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019.

Umeme na matumizi yake

Kompresa huumia zaidi umeme unapokuwa chini ya kiwango au unapokatika na kurudi ghafla. Volteji ikishuka, mota huvuta mkondo mkubwa zaidi na kupata joto. Umeme ukirudi sekunde chache baada ya kukatika, kompresa hujaribu kuanza ilhali shinikizo bado liko upande mmoja. Ili kuzuia hilo, viyoyozi vingi husubiri takriban dakika tatu kabla ya kuwaka tena. Kidhibiti volteji chenye uwezo unaolingana na kiyoyozi huongeza kinga hiyo. Mahali panapokatika umeme mara kwa mara, gharama yake ni ndogo kuliko ya kompresa au bodi ya elektroniki.

Kiyoyozi cha BTU 12,000 kisicho na inveta hutumia takriban kilowati 1.1 wakati kompresa inazunguka. Kompresa isipopumzika kwa saa 8 za usiku, hutumia karibu uniti 9. Nchini Tanzania wateja wa nyumbani wasiozidi uniti 75 kwa mwezi wamekuwa katika daraja la bei nafuu. Kiyoyozi kimoja cha namna hiyo humaliza uniti hizo kwa muda wa siku nane hivi. Kiyoyozi kizima huzima kompresa chumba kinapofikia nyuzi zilizowekwa. Chenye chujio chafu au gesi pungufu hakifikii, hivyo kompresa huzunguka usiku kucha. Kwa sababu hii ongezeko la matumizi ya umeme bila sababu nyingine linaweza kuwa dalili ya mapema kuliko joto la chumba.

Gharama za matengenezo

Malipo ya fundi huwa na sehemu nne: ada ya kufika na kukagua, ufundi, vipuri na gesi. Mteja anayetajiwa bei moja ya jumla anaweza kuomba itenganishwe ili aone analipia nini. Bei hutofautiana kati ya mji na mji na kwa ukubwa wa mashine, lakini mpangilio wake hubadilika kidogo tu:

- Gharama ndogo zaidi: usafishaji wa kawaida, kuzibua mrija wa maji, kubadilisha kapasita au sensa ya joto.
- Gharama za kati: usafishaji wa kufungua mashine yote, mota ya feni, kutafuta na kuziba uvujaji pamoja na kujaza gesi.
- Gharama kubwa: bodi ya elektroniki, hasa ya kiyoyozi cha inveta, na koili iliyotoboka isiyoweza kuchomelewa.
- Gharama kubwa zaidi: kompresa, kwa kuwa mbali na bei ya kipuri huhitaji kuchomelea, kusafisha mabomba, pampu ya utupu na gesi mpya.

Maswali machache humsaidia mteja kabla ya kulipa. Je, kilichopimwa ni nini na kipimo kilisomaje? Kama gesi imepungua, imetokea wapi? Gesi itakayowekwa ni ya aina gani na gramu ngapi? Kipuri cha zamani kitarudishwa? Kazi ina waranti ya muda gani, na risiti itaandikwa nini? Fundi anayejua kazi yake huweza kujibu maswali hayo kwa lugha ya kawaida. Kupima shinikizo kwa geji peke yake hakutoshi, kwa sababu koili chafu pia hubadilisha usomaji wa geji.

Kiyoyozi kipya huwa na waranti ya mtengenezaji, na mara nyingi kompresa hupewa muda mrefu zaidi kuliko vipuri vingine. Waranti hiyo inaweza kubatilika ikiwa mashine ilifungwa au kufunguliwa na mtu asiyetambuliwa na muuzaji. Katika nyumba ya kupanga, ugomvi kuhusu nani alipe huepukwa kwa kuandika jambo hilo katika mkataba. Mgawanyo unaofaa ni mpangaji kugharamia usafishaji wa kawaida, na mwenye nyumba kugharamia vipuri vilivyochoka kwa umri.

Kutengeneza au kununua kipya

Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba kiyoyozi chenye zaidi ya miaka 10 hakifai kutengenezwa ikiwa gharama inakaribia nusu ya bei ya kipya. Uamuzi huo hubadilika kulingana na hali. Mashine ya R-22 yenye kompresa iliyokufa mara nyingi huachwa, kwa sababu hata ikipona itabaki kutegemea gesi inayoondoka sokoni. Mashine yenye koili iliyoliwa na chumvi hutoboka tena mahali pengine. Kwa upande mwingine, kiyoyozi cha miaka mitatu chenye kapasita mbovu au mrija ulioziba si cha kutupwa, hata kama kimeacha kupoza kabisa.

Umeme nao huingia katika hesabu. Kiyoyozi cha inveta hupunguza kasi ya kompresa badala ya kuiwasha na kuizima, hivyo hutumia umeme kidogo kwa mtu anayekiwasha kwa saa nyingi kila siku. Kwa anayekiwasha mara chache, akiba hiyo huchukua muda mrefu kufidia bei yake kubwa na bei ya bodi yake ikiharibika.

Usalama

Kusafisha chujio, kufuta kifuniko na kuondoa majani kuzunguka sehemu ya nje ni kazi anazoweza kufanya mwenye nyumba, baada ya kuzima umeme kwenye saketi breka. Kufungua sehemu ya nje ni jambo lingine. Kapasita huweza kubaki na chaji baada ya umeme kuzimwa, na bodi ya inveta hubaki na volteji ya hatari kwa dakika kadhaa. Sehemu ya nje iliyo ghorofani huongeza hatari ya kuanguka.

Mambo mengine huhusu gesi. Oksijeni haitumiwi kamwe kupima uvujaji, kwa kuwa ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya shinikizo inaweza kulipuka. Gesi ya kupikia haijazwi kwenye kiyoyozi: ina propani na butani, huwaka, na mashine ya kawaida ina swichi zinazotoa cheche. Hata R-290 halisi huwekwa tu katika mashine iliyotengenezwa kwa ajili yake. Mabomba yenye gesi hayachomelewi kabla gesi haijaondolewa. Gesi ya kupozea ni nzito kuliko hewa; ikivuja kwa wingi katika chumba kidogo hufukuza hewa ya kupumua, hivyo milango na madirisha hufunguliwa mara moja.

Matunzo ya kuzuia hitilafu

Chujio huoshwa kwa maji ya kawaida kila baada ya wiki mbili hadi nne wakati wa matumizi makubwa, na hukaushwa kivulini kabla ya kurudishwa. Mahali penye vumbi jingi, kama kando ya barabara ya udongo, muda huo hupunguzwa. Usafishaji wa fundi unaohusisha koili zote mbili, trei na mrija wa maji hufaa kufanyika angalau mara moja kwa mwaka. Karibu na bahari hufanywa mara mbili, pamoja na kuosha chumvi kwenye koili ya nje kwa maji yasiyo na nguvu kubwa ili mapezi yasilale. Wakati mzuri ni kabla ya msimu wa joto, ambao katika pwani ya Afrika Mashariki hukolea kati ya Desemba na Machi, kwa sababu baada ya hapo mafundi huwa na kazi nyingi.

Kuweka nyuzi 24 au 25 badala ya 16 hupunguza kazi ya kompresa. Kuweka nyuzi 16 hakufanyi kiyoyozi cha kawaida kipoze kwa kasi zaidi. Hukifanya tu kichelewe kupumzika.

Mafunzo ya mafundi

Ufundi wa majokofu na viyoyozi hufundishwa katika vyuo vya ufundi, vikiwemo vya VETA nchini Tanzania. Nchini Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani hutoa mitihani ya ufundi stadi. Nchini Marekani sheria humtaka kila anayefungua mfumo wenye gesi ya kupozea awe na cheti. Mafundi wengi wa mitaani walijifunza kwa kufanya kazi chini ya fundi mwingine, na baadhi yao wana ujuzi mkubwa. Vifaa anavyokuja navyo fundi husema mengi kuhusu kazi atakayofanya: mita ya umeme, geji, mtungi wa nitrojeni, pampu ya utupu na mizani. Anayefika na mtungi wa gesi na geji pekee anaweza kuongeza gesi, lakini hana cha kumwezesha kujua kwa nini ilipungua.